Futi Kamba

Kazi yangu ilikuwa kupima:
kutoka jicho la kamera hadi pua ya mwigizaji,
mita mbili na robo, mita moja na vidole vinne.
Nilinong'ona tarakimu, Fundi Nosrat akaitikia kwa kidevu.
Miaka kumi na tisa nilivuta ule utepe.
Kwa hiyo msiniulize habari za tuzo, sizijui sana.
Niulizeni umbali.

Alianza dukani kwa Hayrapet, Mwarmenia wa Borujerd:
dirisha moja la kaskazini, kiti kimoja,
pazia lenye bustani ya kuchorwa.
Alichonga penseli mpaka ncha ikawa mwiba wa samaki,
akafuta ndui mashavuni mwa wachumba
juu ya negativi, huko ambako weupe ni weusi
na bibi harusi huvaa gauni la masizi.
Riali mbili kwa kila kovu.
Wako waume waliorudi dukani, picha mkononi,
wakimuulizia huyo mwanamke.

Siku moja mama mmoja alileta mtoto amelala.
Hakuwa amelala.
Hayrapet akatoka nje kuvuta sigara.
Kijana akasogeza pazia, inchi moja, inchi nyingine,
mpaka mwanga ukafika kwenye kope, ukatua.
Negativi ile hakuigusa kwa penseli.

Haya aliniambia mara moja tu, jangwani,
tukingoja wingu liondoke tangu alfajiri,
watu arobaini, chai imekwisha,
mwenye fedha akizunguka na daftari lake kama mfiwa.
Fundi alikuwa akibangua mbegu za tikiti kwa meno.
"Dukani mtu alinikalia mpaka nimalize," akasema.
"Huku anaondoka bado namwangalia."
Akatema ganda. Wingu halikuondoka.
Tukapiga vivyo hivyo.

Nilimkuta wakati wa vita.
Taa za magari zimepakwa buluu, umeme unakuja kama mdeni,
filamu tunanunua mabaki:
dakika moja, dakika na nusu, iliyobaki kwenye kopo la mtu.
Leo nasikia wasomi wakisifu mtindo wake wa kukatisha.
Mtindo! Ulikuwa uhaba.
Usiku mmoja tulikuwa na kandili moja
na mwigizaji ambaye uso wake haukutaka kutoka gizani.
Fundi akaingia jikoni kwa wenyeji,
akarudi na sinia la unga, akaliweka magotini pake,
na mwanga ukapanda kutoka kwenye unga,
taratibu, mpaka chini ya macho.
Asubuhi tulikula mkate wa unga ule.
Ulinuka mafuta ya taa.

Kisha picha zikaanza kuwa na ukungu.
Nikalaumiwa mimi, nani mwingine?
Nikapima mara mbili, mara tatu, hata alipokunja uso.
Futi haikosei.
Daktari akammulika: mtoto wa jicho, kulia na kushoto.
Fundi, ambaye hakujaliwa hata mmoja,
alicheka mpaka muuguzi akafungua mlango.

Nilipopata ruhusa ya kumfuata dada yangu Toronto
nilikwenda Borujerd kumuaga.
Duka sasa linauza vifuniko vya simu,
lakini mwenyewe alitupisha, na dirisha lilikuwepo.
Nikatengeneza ushungi. Nikasema,
"Hili kovu la kidevuni, Fundi, lifute."
Hakujibu. Alinyoosha mkono, akanigusa kidevu,
akarudi kinyumenyume akihesabu hatua kwa midomo.
"Mita moja na vidole vinne," nikamsaidia.
"Nyamaza, unatikisika."

Uwanja wa ndege, afisa akatazama picha,
akanitazama mimi, akarudi kwenye picha.
Nikainua kidevu kidogo.
Akagonga muhuri.